Shati Lisilokunjwa na Mtu Mmoja: Kisa cha Shannon Faulkner na The Citadel

Kuna namna ya kuvaa shati katika vyuo vya kijeshi vya Marekani ambayo mtu haiwezi peke yake. Anayevaa anasimama wima, suruali imelegezwa kiunoni. Mwenzake anakaa nyuma yake, anakamata kitambaa kilichozidi kushoto na kulia, anakivuta mpaka kifua cha shati kinakaza kama ngozi ya ngoma, kisha anakikunja mgongoni mikunjo miwili mikali na kuibana kwa viganja huku mwenyewe akipandisha suruali na kufunga mkanda. Jaribu kujikunja mwenyewe uone: mikono inafika, lakini ukiachia mkunjo ili ushike mkanda, kitambaa kinafumuka. Kuruta wa mwaka wa kwanza pale The Citadel hujifunza hili siku za mwanzo kabisa. Hakuna anayemwelezea maana yake. Asubuhi ya pili tu anaijua: bila mwenzako hutoki chumbani.

Naanza na shati kwa sababu kisa cha Shannon Faulkner, msichana wa kwanza kuingia kikosi cha makadeti cha The Citadel, husimuliwa kama kisa cha mlango. Ulikuwa umefungwa, mahakama ikaufungua, msichana akaingia, ndani ya wiki moja akatoka. Waliofurahi walisema mnaona, hawawezi. Walioumia walisema walimwonea. Pande zote mbili zilikuwa zikimtazama msichana mmoja na uwezo wake. Mimi nimekirudia kisa hiki mara kadhaa, na kila nikikirudia macho yangu yanaenda kwenye ile hesabu ya mmoja.

Chuo chenyewe

The Citadel kipo Charleston, South Carolina, kimeanzishwa 1842, na ni mali ya jimbo. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Chuo cha binafsi kingeweza kujipangia mambo yake, lakini hiki kilikuwa kikiendeshwa kwa kodi za watu wote, wakiwemo mama na dada wa makadeti. Jeshi lenyewe la Marekani lilikuwa limeshakwenda mbele: West Point na vyuo vingine vya maafisa vya serikali kuu viliingiza wanawake mwaka 1976, kwa sheria ya bunge. Kwa hiyo mwaka 1993 msichana wa South Carolina aliweza kuandaliwa kuwa ofisa wa jeshi la nchi yake, ila si katika chuo cha kijeshi cha jimbo lake.

Tena wanawake walikuwa tayari ndani ya geti. Walisoma masomo ya jioni na ya kiangazi, wakatunukiwa shahada. Walichokatazwa ni kile kikosi cha makadeti cha mchana: sare, mabweni, gwaride, na juu ya yote mwaka wa kwanza, ambapo kuruta ananyolewa upara, anapewa jina la utani la kishikio cha mlango kwa jinsi kichwa kinavyong'aa, na anaishi miezi mingi akifokewa na wakubwa wake. Wahitimu huapa kwamba mwaka huo ndio uliowafanya watu.

Mwaka 1992 kulitokea jambo dogo ambalo wengi hulisahau. Chuo kilikuwa na utaratibu wa kuwaruhusu askari wastaafu wa kiume kusoma mchana bila kujiunga na kikosi. Wanawake watatu waliowahi kulitumikia jeshi wakaenda mahakamani kudai nafasi hiyohiyo. Uongozi ukaona afadhali kuufuta utaratibu wote. Wastaafu wa kiume wakapoteza nafasi zao ili wa kike wasiipate. Kwangu, tukio hilo linaeleza hali ya chuo kuliko hotuba zote zilizokuja baadaye.

Faili lisilo na jinsia

Faulkner alikuwa mwanafunzi wa sekondari kaskazini-magharibi mwa jimbo, mji mdogo wa Powdersville. Darasani walisoma makala ya jarida moja la michezo kuhusu manyanyaso wanayofanyiwa makuruta wa The Citadel. Wapo ambao wangesoma makala hiyo wakashukuru Mungu kwamba hayawahusu. Yeye alikwama kwenye swali jingine: chuo cha umma kinapataje haki ya kuwakataa wasichana?

Akaomba nafasi. Kabla ya kupeleka maombi, alihakikisha kila alama inayoonyesha jinsia yake imefutwa kwenye nakala ya matokeo yake. Jina Shannon ni la wote, wa kike na wa kiume. Alama zake zilikuwa nzuri. Januari 1993 barua ikaja: amekubaliwa. Baadaye chuo kikagundua ni msichana, na nafasi ikafutwa.

Hapo wanasheria wake hawakuwa na kazi kubwa ya kutafuta ushahidi. Chuo kilikuwa kimeshapima karatasi, kikaridhika nayo, kisha kikaikataa karatasi ileile bila kubadilika hata herufi. Machi 1993 kesi ikafunguliwa mbele ya Jaji C. Weston Houck wa mahakama ya shirikisho, hapohapo Charleston. Hoja ilikuwa Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani, yanayolizuia jimbo kumnyima mtu ulinzi sawa wa sheria.

Miaka miwili na nusu ya kusubiri

Mambo ya mahakamani nitayapitia haraka. Januari 1994 alipata ruhusa ya kuhudhuria masomo ya mchana kama mtu wa nje. Hata ruhusa hiyo ilisimamishwa siku chache na Rehnquist, Jaji Mkuu wa Marekani, kabla ya kuachiwa. Julai 1994 Houck akaamuru aingizwe kikosini. Agosti, siku chache kabla ya kuripoti, mahakama ya rufani ikasitisha amri. Aprili 1995 mahakama hiyohiyo ikasema aingie Agosti, labda jimbo liwe limepata idhini ya mpango mbadala kwa wasichana. Jimbo likaharakisha mpango katika chuo cha wanawake cha Converse, Spartanburg, lakini muda ukawaishia. Agosti 11, 1995, majaji wawili wa Mahakama ya Juu wakakataa kuzuia tena. Kesho yake Faulkner akaripoti.

Ninachotaka kukaa nacho ni kile kipindi cha katikati. Kwa mwaka mmoja na nusu alikuwa akiingia madarasani amevaa nguo za nyumbani, amezungukwa na sare za kijivu, kisha kengele ikilia wenzake wanarudi mabwenini na yeye anarudi kwenye gari. Gazeti la makadeti liliudhihaki mwili wake waziwazi. Magari ya Charleston yalibandikwa stika zinazodai anyolewe. Nyumba ya wazazi wake ilipakwa maandishi ya matusi. Watu waliokuwa wakimfanyia haya ndio hao ambao, kwa utaratibu wa chuo, wangekuja kuwa wakubwa wake wa kombania na wenzake wa kula meza moja. Kila ahirisho la mahakama lilikuwa linawapa muda zaidi wa kumchukia kabla hawajamfahamu.

Na suala la nywele! Mwaka 1994 mahakama ya shirikisho ilikaa rasmi kuamua kama kichwa cha msichana huyu kinyolewe upara kama cha wenzake. Upande wake ulitaka apewe mkato mfupi, kama wanavyofanya West Point. Chuo kikasema usawa ni usawa. Houck akakiruhusu chuo kumnyoa. Inachekesha kidogo ukifikiri: chuo kilichotumia fedha nyingi kuthibitisha kwamba wanaume na wanawake hawafanani kilifika kwenye wembe kikasema wanafanana kabisa.

Wiki yenyewe

Makuruta walikuwa karibu 600. Wavulana wote hao waliingia wawili wawili au zaidi vyumbani. Yeye alipewa chumba peke yake, kwa sababu zinazoeleweka za staha na usalama. Pamoja naye waliingia maafisa wa ulinzi wa mahakama za shirikisho, wenye silaha, waliopewa kazi ya kuhakikisha hadhuriki.

Hebu simama kidogo kwenye picha hiyo. Mabweni ya The Citadel yamejengwa kuzunguka uwanja wa ndani wenye vigae vya miraba myekundu na myeupe, kama ubao wa dama. Vyumba vyote vinatazama uwanja, na kila mtu anamwona kila mtu. Kuruta anafokewa uwanjani, akirudi chumbani anamkuta mwenzake aliyefokewa hivyohivyo, wanatukana kwa kunong'ona, wanacheka, wanang'arishiana viatu. Dakika zile tano za chumbani ndizo zinazomfanya mtu arudi tena uwanjani. Sasa mwondolee mwenzake, umwekee askari mwenye bastola. Mwili wake umelindwa, sikatai. Lakini askari yule hakuwepo pale kumkunjia shati.

Jumatatu, Agosti 14, mafunzo rasmi yakaanza. Joto la Charleston mwezi huo lilikaribia nyuzi 38 za Selsiasi, na pwani ile hewa ni nzito kama ya jikoni. Kabla siku haijaisha Faulkner alikuwa zahanati ya chuo, na makuruta kadhaa wa kiume pia walizidiwa na joto. Wenzake walirudi mazoezini. Yeye hakurudi. Ijumaa, Agosti 18, akatangaza kwamba anaondoka, akisema miaka ya mvutano ilikuwa imemlemea yote kwa pamoja wiki ile.

Makadeti waliposikia walilipuka kwa shangwe, wakakimbia na kurukaruka huku kamera za televisheni zikiwaonyesha nchi nzima. Ilikuwa makosa yao makubwa, kwa kuwa picha zile ziliwaudhi hata watu waliokuwa hawana habari na kesi hii. Jambo lililopita kimyakimya ni kwamba katika siku zilezile wavulana kama 30 nao waliacha. Hakuna aliyesema wanaume hawakuumbiwa jeshi.

Je, hakuwa tayari?

Swali hili wapo wanaolikwepa kwa kuogopa kuonekana wanamsaliti. Mimi sioni sababu. Kimwili hakuwa tayari. Alikuwa ameongezeka uzito katika miaka ya kesi, na kuruta yeyote, wa kiume au wa kike, akiingia wiki ile katika hali hiyo kwenye joto lile atapata taabu. Wanasheria wanajua kuandaa hoja. Kumwandaa mteja kukimbia alfajiri si kazi yao, na inaonekana hakuna mwingine aliyeishika kwa uzito uliostahili.

Ila tusiishie hapo. Aliyepaswa kuingia ni msichana wa miaka 18, ametoka sekondari 1993. Aliyeingia ni wa miaka 20, ambaye kila mwaka aliambiwa jiandae, kisha akaambiwa subiri. Aliyemcheleweshea ni nani? Miaka mingi baadaye, akiwa tayari mwalimu wa Kiingereza, alieleza kwamba kilichomvunja hasa wiki ile ni tishio la kuuawa kwa wazazi wake. Kwa aliyeona maandishi ya matusi kwenye ukuta wa nyumba yao, tishio kama hilo halikuwa la kupuuzwa.

Amri ya mtu mmoja

Hapa ndipo naona kiini cha kisa. Amri ya Houck ilimwingiza Faulkner peke yake. Wasichana wengine wa South Carolina waliwekewa utaratibu wa baadaye: jimbo litafute mpango, mpango upimwe, ndipo ijulikane. Kisheria ni jambo la kawaida. Aliyeshitaki ndiye anayepewa nafuu yake, na mahakama hupenda kwenda hatua ndogondogo pale inapogusa taasisi kongwe. Kwa chuo cha uhasibu ingetosha, maana mtu mmoja anaweza kukaa dawati lake akasoma vitabu vyake akafaulu.

Hiki kilikuwa chuo ambacho somo lake la kwanza ni kwamba mmoja hawezi. Mfumo mzima wa mwaka wa kwanza umejengwa juu ya kumvunja kuruta mpaka aegemee wenzake. Kumwingiza humo mtu mmoja ambaye wenzake wamekatazwa au wamekataa kuegemewa naye ni kumpa nusu ya mafunzo: anapata kuvunjwa, kujengwa hapati. Sidhani Houck alikusudia hivyo. Nadhani hakuna aliyemweleza habari za shati.

Wanne, halafu 30

Juni 26, 1996, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya chuo kingine cha aina hii, VMI (Virginia Military Institute) cha Lexington, Virginia, kilichoanzishwa 1839. Kura zilikuwa saba kwa moja. Jaji Ruth Bader Ginsburg aliandika kwamba serikali ikitaka kutenga kwa jinsia lazima iwe na sababu yenye kushawishi mno, na Virginia haikuwa nayo. Jaji Clarence Thomas alijitoa kwa kuwa mwanawe alikuwa akisoma hapo. Siku mbili baadaye bodi ya The Citadel ilipiga kura kufungua kikosi kwa wanawake, bila hata mmoja kupinga.

Agosti mwaka huo wakaingia wasichana wanne. Hapo nadharia yangu ya shati inapata mtihani, na sitaificha. Waligawanywa wawili wawili katika kombania mbili, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na mwenzake. Katika kombania moja walikuwemo Nancy Mace na Petra Lovetinska. Walivumilia. Mace, aliyekuja na masomo aliyokwisha kuyafanya chuo kingine, alihitimu Mei 1999 akiwa mwanamke wa kwanza kutoka kikosini. Lovetinska alimfuata mwaka uliofuata, akaingia jeshi la wanamaji wa miguu (Marine Corps).

Katika kombania ya pili mambo yalikuwa mengine. Wasichana wawili wa hapo walimiminiwa nguoni dawa ya kufutia rangi ya kucha, kisha nguo zikawashwa moto zikiwa mwilini. Mambo hayo yalifanywa na wakubwa wao ndani ya bweni, na yalifanyika zaidi ya mara moja kabla ofisi za juu hazijasikia. Januari 1997 wote wawili hawakurudi chuoni. Wachunguzi wa FBI waliingia, na makadeti zaidi ya kumi wakachukuliwa hatua za nidhamu.

Wasichana wawili huku na wawili kule, chuo kimoja, mwaka mmoja, mfumo uleule. Tofauti ilikuwa nani anashika zamu usiku kwenye kombania. Mwenza ni wa lazima, lakini makuruta wawili hawawezi kuzuia kitu ambacho sajini wao amekiamua. Juu yao hapakuwa na kadeti hata mmoja wa kike wa mwaka wa pili, wa tatu au wa nne, mtu ambaye angesikia kicheko kisicho cha kawaida mwisho wa ujia akaenda kuchungulia.

VMI walikuwa wakitazama yote haya. Bodi yao ilipiga kura tisa kwa nane, nusura wajitoe mikononi mwa serikali wawe chuo cha binafsi. Lakini walipokubali, walijipa mwaka mzima wa kujiandaa, na Agosti 1997 wakaingiza wasichana 30 kwa pamoja. Vilevile waliazima makadeti wa kike wa madarasa ya juu kutoka vyuo vingine vya kijeshi, ili makuruta wa kike wawe na mtu wa kumwangalia juu yao. Mfumo wa kuwafokea na kuwakimbiza uliachwa mkali uleule. Wapo walioacha, kama ilivyo kwa wavulana kila mwaka, ila kuacha kwa mmoja kati ya 30 hakukuwa tena habari ya kutangazwa nchi nzima. Kuruta wa kike alipata uhuru ambao Faulkner hakuwahi kuupata: uhuru wa kushindwa kwa niaba yake mwenyewe.

Chuo kilekile, miaka 23 baadaye

Mwaka 2018 The Citadel ilimteua Sarah Zorn kuwa kamanda wa kikosi kizima cha makadeti, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mwaka huohuo Faulkner alialikwa kuzungumza chuoni, katika viwanja alivyotoka huku nyuma yake kukishangiliwa. Wanawake kikosini wakati huo walikuwa takriban mmoja kwa kila makadeti kumi. Si wengi. Lakini msichana anayeripoti Agosti siku hizi anaoneshwa chumba chenye vitanda viwili, na alfajiri ya kesho yake, kabla ya filimbi, kuna mtu wa kusimama nyuma yake na kushika kitambaa wakati yeye anafunga mkanda.